Kikohozi cha Upande wa Pili

Chama cha Historia cha Merrow kinapenda kuwatangazia wakazi wote wa mji na vitongoji vyake kwamba kabati la kioo, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa kwenye ujia karibu na mlango wa choo, sasa limehamishiwa ukumbini, upande wa dirisha. Wageni wanaombwa wasiliegemee.

Tangazo hilo lilibandikwa posta, maktaba na kwenye mlango wa duka la nyama mwanzoni mwa Desemba 1983. Watu wa Merrow, Ohio, ambao kiwanda chao kilikuwa kimefungwa na ambao hawakuwa tena na mengi ya kusoma kwenye mbao za matangazo, walilisoma lote. Verna Pokorny alilisoma mara mbili. Hakuwa na haja na choo wala dirisha. Alijua tu kilichokuwamo kabatini.

Kabatini mlikuwa na sahani ya santuri. Katika miaka yake ya neema Kampuni ya Mizani ya Halbrook ilikuwa na kwaya ya wafanyakazi, na kila mwuza nyama na kila mwenye duka aliyenunua mizani alipewa, pamoja na hati ya dhamana, sahani ya nyimbo za Krismasi zilizoimbwa na kwaya hiyo. Sahani ya mwaka 1961 iliitwa *Noeli Yenye Uzito Kamili*, jina ambalo idara ya mauzo ililiona zuri. Kwenye jalada wafanyakazi walisimama ngazi kwa ngazi, wamevaa majoho mekundu, mbele ya mizani kubwa kuliko nyumba. Katika safu ya nyuma, pembeni kabisa, alikuwapo Ladislav Pokorny wa idara ya kusubu, ambako chuma kiliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga, kinywa wazi.

Ladislav alizikwa Aprili. Verna alikuwa na sahani yake mwenyewe nyumbani, lakini tangu maziko aliiweka sindano mahali pamoja tu, mwishoni mwa upande wa pili, pale ambapo kwaya hunyamaza na besi moja hushuka peke yake hadi chini kabisa, kama mtu anayeteremka ghalani bila taa. Sauti ile ilikuwa ya Ladislav. Aliicheza asubuhi kabla ya kahawa na jioni baada ya kuosha sahani yake na kikombe chake. Gramafoni ilikuwa nzee na mkono wake mzito. Kufikia Oktoba sindano ilikuwa imekwisha kuilima njia yote, na ikifika pale iliteleza kwa mkwaruzo hadi kwenye karatasi ya katikati, ikabaki ikizunguka hapo bila kusema kitu.

*

Gerald, mwanawe wa pekee, alikuwa Houston. Alikwenda huko kiwanda kilipofungwa, na alipiga simu kila Jumapili, wakati bei ya simu iko chini.

"Mama, unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Chakula, Gerald. Chakula cha watu."

"Umekaa mezani, au umesimama pale jikoni kama farasi?"

Verna, aliyekuwa amesimama pale jikoni, alivuta kiti bila kukikalia, ili mlio wake usikike Houston. "Nimekaa."

"Sikiliza. Watoto wananiuliza habari za babu. Mdogo hamkumbuki kabisa. Nikawaambia babu yenu alikuwa na sauti, iko kwenye sahani. Wakaniambia basi wanataka kuisikia. Ninakilie ile besi ya Baba kwenye kaseti, Mama, nitumie kabla ya Krismasi. Hakuna kitu kingine cha sauti yake. Hata simu alikuwa hataki kushika, anakupa wewe."

"Nitakutumia."

"Sahani bado nzima?"

"Itakuwaje isiwe nzima?" alisema Verna. Alipokata simu alirudisha kiti mahali pake, mkabala na kile kingine.

*

Mwenyekiti wa Chama cha Historia alikuwa Bi. Eunice Wickliffe, mjane wa meneja wa mauzo wa Halbrook. Alikuwa mwema kwa namna inayomfanya mtu aliyetendewa wema aangalie viatu vyake. Alimwita Verna kwa jina lake la kwanza. Verna alimwita Bi. Wickliffe. Mpango huo ulikuwa umedumu tangu wote wawili walipokuwa wasichana, na hakuna aliyekumbuka ulivyoanza.

"Verna, mpenzi, sahani haiwezi kutoka nje ya jengo. Unaelewa. Hiyo ndiyo nakala pekee nzima tuliyo nayo." Alimvalisha glavu nyeupe za pamba ili aliguse jalada, kisha akabaki amemshikia kiwiko, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. "Lakini Jumapili ya kabla ya Krismasi tunaicheza hapahapa, watu wote waje wasikilize. Mfamasia ana mashine ya kaseti. Atakunakilia."

"Asante, Bi. Wickliffe."

"Na nilikuwa nafikiri, kwenye karatasi ya ratiba tungeweza kuandika: besi ya pekee, Ladislav Pokorny. Ungependa?"

Hadi siku hiyo jina la Ladislav lilikuwa limechapwa mara mbili tu: katika orodha ya waliopunguzwa kazi na katika tangazo la kifo. "Ningependa," alisema Verna.

"Basi nenda kwa Bw. Amsden, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, akupe neno lake. Si kwamba nina shaka. Ila Chama hakiwezi kuchapa kitu kwa kusikia tu." Akamvua glavu, moja moja, akazikunguta.

*

Clifford Amsden aliishi katika nyumba ya wazee ya Wapresbiteri, nje kidogo ya mji. Verna hakujua kuendesha gari. Ladislav ndiye aliyeendesha. Safari hii alipelekwa na Thelma Oberg, jirani yake, naye mjane, ambaye marehemu mumewe Arne alifanya kazi na Ladislav kwenye tanuri moja. Verna alibeba mkate wa kukunja uliojazwa kokwa za jozi, umefungwa kwenye taulo.

"Kwa Wapresbiteri unapeleka mkate wenye pombe ndani?" aliuliza Thelma njiani.

"Kijiko kimoja tu, shoga."

"Kijiko gani? Kile cha kutilia makaa?"

Mzee Amsden alikuwa amekaa dirishani, blanketi magotini, na akili yake ilikuwa kali kupita ile ya wauguzi waliomsemesha kwa kupaza sauti. Alimsikiliza Verna mpaka mwisho. Kisha akatazama mkate, kama anayejiuliza iwapo atastahili kuula baada ya kusema anachotaka kusema.

"Ile besi, Bi. Pokorny, ni mtu wa kukodiwa."

"Nani?"

"Simkumbuki jina. Walikuja na treni kutoka Cleveland, waimbaji wa kulipwa, wa sauti zote. Kila mwaka walikuja. Unadhani wauza nyama wa majimbo yote yale wangesikiliza makarani wangu?"

"Lakini Laddie alikuwa kwenye kwaya. Yumo kwenye picha."

"Yumo kwenye picha, ndiyo. Kampuni ilitaka kila idara ionekane kwenye jalada. Idara ya kusubu nayo ikatakiwa kuleta watu. Nikawasikiliza. Wengine niliwaambia waimbe. Wengine niliwaambia wafungue midomo na kuifumba, kwa maneno yaleyale, kwa wakati uleule, bila kutoa sauti. Tuliwaita samaki." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja cheo. "Mumeo alikuwa samaki."

Redio ya chumba cha pili ilikuwa ikitangaza punguzo la bei ya matairi. Thelma alijikuna kifundo cha mkono.

"Alikuwa samaki hodari," Amsden aliendelea, kwa kuwa alidhani anamfariji. "Wenzake walijisahau, wimbo ukawachukua, nami nikalazimika kusimamisha kila kitu. Yeye hata siku moja. Isipokuwa mwishoni kabisa."

"Mwishoni alifanya nini?"

"Pale besi inapomaliza. Pana kimya, halafu inakuja salamu ya mkurugenzi. Ndani ya kile kimya mtu akakohoa. Tungerudia, lakini watu wa Cleveland walikuwa wamekwisha kuvaa makoti, treni inawangoja. Kikabaki. Kilitoka kule nyuma, kwa watu wa kusubu. Nilimtazama mumeo, naye akatazama chini. Siku zote nimeamini ni yeye."

"Pembeni yake nani alisimama?" aliuliza Thelma, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu.

Amsden alifikiri. "Oberg," alisema.

*

Wakirudi mjini, walikuwa wameufikia mnara wa maji ndipo Thelma aliposema. "Kile kikohozi ni cha Arne."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukohoa."

"Thelma, nyumbani kwenu hamna hata gramafoni. Umekisikia wapi?"

"Nimekisikia kitandani, Verna. Mpaka wakamtoa kwa machela."

"Na mimi wangu nilimsikia wapi? Sokoni?"

"Wewe ulikuwa na besi. Miaka yote hiyo kila mtu aliyekanyaga kwako amekalishwa, akanyamazishwa, akasikilizishwa besi. Mimi nimekaa kwenye sofa lako nikapiga makofi. Leo besi imekwenda Cleveland, unakuja kuchukua kikohozi changu."

Ilikuwa kweli. Kila Krismasi baada ya misa, wageni wakiwa na sahani magotini, Verna alisema, "Haya, nyamazeni, huyo sasa Laddie." Besi ikateremka. Naye alikuwa tayari ameinama juu ya gramafoni, kidole chini ya mkono wa sindano, ili auinue mara tu besi inapofika chini. "Kuna mjinga mmoja hapo mwisho anakohoa," aliwaeleza wageni, "anaharibu kila kitu." Ladislav kwa wakati huo alikuwa amekwisha kusimama, anauliza nani aongezewe kahawa.

Usiku ule alijaribu kukumbuka iwapo Ladislav aliwahi kusema kwa kinywa chake kwamba besi ni yake. Hakuwahi. Krismasi ya kwanza, sahani ikiwa mpya, Verna alikuwa amegeuka machozi yakimlengalenga, akasema, "Ni wewe!" Ladislav alikuwa na mkate mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Alipomeza, Verna alikuwa amekwisha kumpigia simu mama yake, na baada ya mama yake, watu wengine wote.

*

"Kaseti vipi, Mama?"

"Bado wanainakili."

"Mbona unaongea hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi." Safari hii alikuwa amekaa kweli. "Gerald. Unakumbuka baba yako alivyokuwa anakohoa?"

"Nani asiyekumbuka? Ndiyo ilikuwa kengele ya nyumba. Niko chumbani sifanyi kazi ya shule, nasikia kile kikohozi kwenye njia ya gari, najua Baba huyo, natoa daftari." Alicheka, halafu akaacha. "Cha kwanza kikavu, cha pili anakimeza. Kama anaomba radhi. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

"Daktari wa kampuni si alisema ni mafua?"

"Alisema ni mafua."

"Mafua ya miaka ishirini." Laini ilikwaruza. "Haya. Tuma kaseti. Watoto wameshanunuliwa redio ya kaseti kwa ajili yake."

Kesho yake Verna alikwenda kwa miguu hadi kwenye Chama, akamwambia Bi. Wickliffe kwamba besi si ya Ladislav, na kwamba anaomba anakiliwe kikohozi. Alilazimika kulisema mara mbili, kwa kuwa Bi. Wickliffe mara ya kwanza alidhani ameomba kikombe. Saa moja baadaye alifika Thelma na ombi lilelile kwa niaba ya Arne. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mwezi wa mapambo na maandazi, aliitisha kikao cha kamati.

*

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Bi. Wickliffe, mchungaji, na mfamasia mwenye mashine ya kaseti. Walikaa nyuma ya meza ndefu kando ya kabati. Wajane wawili walikalishwa mbele yao kwenye viti vya kukunja, na kati yao kiliachwa kiti kitupu ambacho kila mmoja aliweka mkoba wake juu yake.

Mfamasia alishusha sindano. Kwaya ikanyamaza. Mwimbaji wa Cleveland akateremka, mzuri kama siku zote, na Verna aliona aibu kwa jinsi nywele za mikono yake zilivyosimama bado kwa ajili ya mgeni. Halafu kikaja kile kimya, ambacho hakuwahi kukiruhusu kifike. Ndani yake mlikuwa na nafasi. Zilisikika mbao za ngazi zikilalamika chini ya viatu vya watu wengi. Kikohozi kilikuwa kifupi. Cha kwanza kikavu. Cha pili kimemezwa.

Alikuwa amedhani atakitambua papo hapo, jinsi mtu anavyomtambua mumewe stesheni hata akiwa amebadili kofia. Lakini kikohozi alichokijua yeye kilikuwa cha miaka ya mwisho, kizee na chenye maji. Hiki kilikuwa cha kijana. Kilikuwa cha mtu ambaye bado anadhani kitapona.

"Kirudie," alisema Thelma, macho yamefumba.

Mfamasia alikirudia. Verna alimtazama Thelma, akaona midomo yake inatembea kidogo, bila sauti.

"Kwangu mimi," alisema mchungaji kwa upole, "ni kikohozi tu."

"Ni kikohozi cha tanuri," alisema mfamasia, akiisafisha sindano kwa kidole. "Watu wa kusubu wote walikohoa hivyo. Lile vumbi la mchanga. Niliwauzia dawa ya kifua kwa makasha, na kila nikiuliza naambiwa daktari wa kampuni kasema..."

"Tusiingie huko," alisema Bi. Wickliffe. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulikwenda kwenye shanga za shingoni ukabaki huko. "Hiki ni chama cha historia. Naomba wanawake hawa watupishe kidogo tushauriane."

Wakatoka ukumbini hadi kwenye ujia. Hapakuwa na pa kukaa. Walisimama karibu na mlango wa choo, pale ambapo kabati lilikuwapo zamani, na ambapo zulia lilikuwa bado na rangi yake ya kwanza katika umbo la mstatili. Thelma alitoa leso akapenga kamasi kwa kishindo.

"Watasema tugawane," alisema.

"Kikohozi kinagawanywaje?"

"Kina vipande viwili, umesikia mwenyewe. Cha kwanza Arne, cha pili Laddie."

Verna aliwaza. "Cha pili ndicho kimemezwa."

"Ndiyo hicho. Arne hakuwahi kumeza kitu kwa adabu."

"Gerald naye alisema hivyo. Alisema baba yake alikuwa anakimeza."

"Basi, imekwisha. Wewe mtumie mwanao chote, umwambie cha kwanza ni Bw. Oberg wa jirani. Anamkumbuka. Arne ndiye aliyemfundisha kuvua samaki." Thelma alikunja leso, akaikunja tena mpaka ikakosa pa kukunjika. "Na mimi nitakuja Jumapili, nikae mbele, nisikilize changu. Sihitaji kaseti. Nitaichezea wapi?"

"Kwangu," alisema Verna.

"Kwako kuna gramafoni iliyokula sahani."

"Nitanunua mashine ya kaseti."

Walisimama bega kwa bega kwenye ule mstatili wa zulia. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili Verna alihesabu, bila kukusudia, vikombe viwili vya kahawa na vipande viwili vya mkate. Mlango ukafunguliwa, na mchungaji akawakaribisha ndani kwa mkono. Bi. Wickliffe alikuwa amesimama na karatasi, miwani puani. Verna alianza kusema kwamba wamekwisha kupatana wao wenyewe, lakini mwenyekiti aliinua kidole, kwa kuwa jambo likishaandikwa huwa halina budi kusomwa.

"Kamati ya Chama cha Historia cha Merrow," alisoma, "baada ya kuwasikiliza waombaji wote wawili kwa heshima wanayostahili, na kwa kutambua mchango mkubwa wa Kampuni ya Mizani ya Halbrook katika maisha ya mji huu, imeamua kwa kauli moja kama ifuatavyo. Sauti zote zilizomo katika sahani zitaendelea kutajwa kuwa za wafanyakazi. Kikohozi hakitahesabiwa kuwa cha mtu yeyote. Na ili kuepusha mabishano yasiyofaa katika msimu huu, siku ya Jumapili sindano itainuliwa mara tu besi itakapofika chini. Nakala ya kaseti, ambayo Bi. Pokorny ataipata bila malipo, itafuata utaratibu huohuo."